Waya Alioukata Bwana Sauti

Asubuhi za Jumamosi nyumbani kwa Bwana Sauti zilikuwa na heka heka zake. Mlango wa stoo ulilia. Spika mbili nyeusi, nzito kama magunia ya mahindi, zilitolewa moja moja na kupakiwa kwenye mkokoteni. Vikafuata sanduku la nyaya, miksa ya kuchanganyia sauti, na maiki iliyofungwa kwenye soksi safi. Mwisho kabisa ikatoka amplifaya. Hiyo haikubebwa na mtu mwingine. Bwana Sauti aliikumbatia mwenyewe, akatembea nayo polepole, huku mkewe akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Mimi siku ya harusi yetu hukunibeba hivyo," mkewe alisema.

"Wewe ulikuwa na miguu," Bwana Sauti alijibu.

Watu walimwita Bwana Sauti kwa sababu ya kazi yake. Penye harusi, mkutano au sherehe ya shule, yeye alifika na vyombo vyake ili watu wasikilizane. Kazi hiyo hakuisomea. Alianza kwa kumbebea spika mtu mwingine, akaangalia, akaiga. Mengi aliyajua. Mengine hakuyajua, na hakupenda kuuliza. Kuuliza, kwake yeye, kulikuwa sawa na kuvua shati mbele za watu.

Basi, tuielewe hiyo amplifaya. Ni sanduku la chuma, na kazi yake ni kuipa sauti nguvu. Mtu akisema kwenye maiki, sauti yake inapita kwenye miksa ikiwa ndogo na dhaifu. Ikiingia kwenye amplifaya inatoka na nguvu ya kusukuma spika. Bila amplifaya, spika ni kabati tu.

Mkewe naye aliipenda amplifaya kwa namna yake. Aliivika kitambaa cheupe cha kufuma, kama alivyovivika viti na meza ya sebuleni. "Vumbi," alisema, na hapo mjadala ukaisha. Kitambaa kilining'inia vizuri kila upande. Kilifunika na matundu ya ubavuni, lakini nani aliyajali matundu?

Amplifaya ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ilinguruma. Hata watu wakinyamaza, spika zilisema, "Mmmmm." Siku moja katika harusi ya watu wazito, mshereheshaji alisimama, akaisikiliza, kisha akauliza, "Bwana Sauti, ng'ombe huyu umemficha wapi?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bwana Sauti alicheka pamoja nao, lakini alirudi nyumbani hana hamu ya chakula.

Alikumbuka maneno ya kijana mmoja wa dukani: "Kelele ile? Kata waya wa kijani tu, inakwisha." Basi asubuhi alichukua bisibisi, akafungua plagi ya amplifaya. Ndani mlikuwa na nyaya tatu. Wa tatu ulikuwa wa kijani wenye mstari wa njano. Akaukata. Ngurumo ikapungua. Akafungua na plagi ya miksa, akaukata na wa huko. Spika zikatulia tuli.

"Mama watoto, njoo usikie!" aliita. "Nimeiponya!"

"Umefanyaje?"

"Siri ya fundi," alisema, akatabasamu peke yake.

Sasa, mama mkwe wa Bwana Sauti alikuwa mjane aliyekaa mtaa wa pili. Utotoni hakupelekwa shule. Uzeeni alijiandikisha katika darasa la watu wazima, na jamani, mama yule alishika kusoma kama mtu aliyeshikwa na njaa! Alisoma mifuko ya sukari. Alisoma mabango ya barabarani. Alisoma karatasi za sabuni kwa sauti, sokoni, bila kuulizwa. Darasa lao lilipomaliza kitabu cha kwanza, ikaandaliwa sherehe ukumbini, na wenzake wakamchagua yeye asome hotuba ya shukrani.

Alifanya mazoezi mpaka kuku wa jirani wakaijua ile hotuba. Kisha akaja kwa mkwewe.

"Mkwe wangu, utanitengenezea sauti nzuri?"

"Mama, watakusikia mpaka ng'ambo ya barabara," Bwana Sauti alisema, na alisema kweli kutoka moyoni.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Sakafu ya saruji ilikuwa imepigwa deki asubuhi hiyo na haijakauka. Mama mkwe alivaa gauni lake jipya na viatu vipya. Viatu vilimbana, akaviacha chini ya kiti, akaenda mbele peku. Akaikunjua karatasi. Akaishika maiki kwa mkono wa kulia, kwenye mpini wake wa plastiki. Akaisogeza mdomoni, karibu, karibu zaidi, mpaka midomo ikagusa chuma.

"Ai!"

Maiki ilianguka. Spika zikapiga mshindo mmoja uliowafanya watoto wazibe masikio. Karatasi ikapeperuka chini ya meza. Mama mkwe alisimama ameshika mdomo, macho yamemtoka. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Bwana Sauti.

Na Bwana Sauti alijua. Hilo tuliseme wazi. Hakuwa na hakika ya kila kitu, lakini ule waya wa kijani ulimjia machoni palepale. Angeweza kusema, "Subirini, nizime, chombo changu kina kasoro." Maneno hayo ni machache. Lakini alikumbuka kicheko cha ng'ombe, na mdomo wake ukaenda mbio kuliko moyo.

"Msiwe na wasiwasi, chombo ni kizima!" alisema kwa sauti ya furaha. "Mama ameogopa tu. Hajazoea maiki."

Watu wakacheka. Jamaa mmoja mcheshi akadakia kutoka nyuma, "Bibi ameng'atwa na herufi!" Hapo ndipo ukumbi ulipovunjika mbavu.

"Imeni—" mama mkwe alianza. Hakuna aliyesikia. Aliinama, akaitafuta karatasi yake chini ya meza, akampa mwalimu. Mwalimu akasimama mbali na maiki, akaisoma hotuba yote kwa niaba yake. Mama mkwe alikaa kitini ametazama vidole vya miguu yake. Bwana Sauti aliishika maiki kwa kitambaa cha mfukoni, akaizungushia waya, akajifanya ana shughuli nyingi.

Baada ya siku ile mama mkwe hakurudi darasani. Mkewe Bwana Sauti alileta habari hizo wakati wa chakula.

"Mama anasema macho yanamsumbua."

"Atapata nafuu," Bwana Sauti alisema.

"Macho hayana kitu. Jana alitunga uzi kwenye sindano, mimi nikishindwa. Anasema kusoma ni kwa watoto. Anasema amejiaibisha vya kutosha."

Bwana Sauti alilirudisha tonge sahanini. Aibu ya ng'ombe ilikuwa imemtoka baada ya siku chache. Hii haikutoka. Alianza kuzunguka njia ya mbali ili asipite mlangoni kwa mama mkwe. Siku moja wakakutana ana kwa ana dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama."

Basi. Mama mkwe alinunua sabuni yake. Karatasi ya sabuni hakuisoma. Aliitia kapuni tu, akaenda zake.

Mambo yalifichuka siku Bwana Sauti alipokuwa akijaribu vyombo uani. Mkewe alikuja na kitambaa kibichi, akaanza kuifuta amplifaya vumbi. Alikuwa peku kwenye saruji.

"Mama yangu!" alipiga kelele, akaruka nyuma. Alikuwa ameshika mkono wake kama wa mtu mwingine. "Imenipiga! Chuma chenyewe kimenipiga!"

Bwana Sauti alikimbilia ukutani, akazima swichi, akachomoa plagi. Aliporudi mkewe alikuwa bado anatetemeka, lakini macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Mama hakuwa mwoga," alisema polepole.

Bwana Sauti akaanza kuukunja waya wa plagi.

"Siku ile ulijua?"

Angeweza kudanganya tena. Alimtazama mkewe, akatazama chini.

"Nilijua."

Mkewe hakumtukana. Ingekuwa afadhali amtukane. Alijifunga kanga kiunoni, akatoka kumwita fundi.

Fundi wa umeme wa mtaa ule aliitwa Kimya, kwa sababu hakuwahi kunyamaza hata siku moja. Alianza kuongea akiwa bado barabarani, akaendelea alipopita mlangoni, na alipochuchumaa uani alikuwa katikati ya habari ya mbuzi aliyetafuna antena. Alifungua plagi ya amplifaya huku akisimulia. Kisha akatazama ndani.

"Upasuaji huu ameufanya nani?"

"Mimi," Bwana Sauti alisema.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inanguruma."

"Kichwa kikikuuma, ndugu yangu, unakata shingo?"

Mkewe alikuwa amesimama pale pale, mikono kifuani.

"Sikilizeni wote wawili," Kimya alisema. "Nyaya hizi mbili ndizo zinazofanya kazi. Mmoja unaleta umeme, mwingine unaurudisha. Huu wa kijani na njano unaitwa waya wa ethi. Umefungwa kwenye hili sanduku la chuma, na mwisho wake unashuka ardhini. Siku zote unakaa tu, unaweza kudhani ni mvivu. Lakini siku umeme ukivuja ndani ukagusa chuma, huyu mvivu ndiye anayeudaka na kuushusha ardhini. Fyuzi inakatika au swichi ya ukutani inaruka, chombo kinazima. Hakuna anayeumia."

"Na ukiukata?" mkewe aliuliza.

"Ukiukata, umeme unakaa kwenye chuma unangoja mtu. Wewe umeukuta hapa. Lakini haukai hapa tu. Unapita kwenye kebo ya sauti, unaingia kwenye miksa, unakwenda mpaka kwenye maiki." Akamgeukia Bwana Sauti. "Kuna mtu amepigwa kwenye maiki?"

"Mama mkwe wangu. Mdomoni."

"Alikuwa amevaa viatu?"

"Peku. Sakafu ilikuwa na maji maji."

Kimya akanyamaza. Mkewe Bwana Sauti alikuja kusema baadaye kwamba hakuna kilichomtisha siku ile kama huo ukimya.

"Ndugu yangu," Kimya alisema hatimaye, "nyinyi mlikuwa karibu kuzika."

Bwana Sauti alikaa chini kwenye saruji. Uso ulimuwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini Kimya hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake akae chini na aibu yake mchana kutwa. Alimnyanyua. "Haya, tufanye kazi. Hiyo ngurumo ilitoka wapi? Siku zote ulikuwa unachomeka wapi?"

"Miksa naichomeka mbele, karibu na jukwaa. Amplifaya naichomeka nyuma, karibu na spika."

"Soketi mbili zilizo mbalimbali! Basi ethi ya huku na ethi ya kule zinaungana kupitia kebo yako ya sauti, inakuwa duara, na umeme kidogo unazunguka humo ukinguruma. Duara hilo ndilo ng'ombe wako. Chomeka vyote mahali pamoja, kwenye ekstensheni moja nzuri ya soketi nyingi, yenye ethi. Na kebo ya sauti usiilaze pamoja na waya wa umeme. Zikipishana, zipishane kama njia panda, zisitembee bega kwa bega."

Kimya alifunga nyaya mpya za ethi katika plagi zote mbili, lakini hakukubali amplifaya iwashwe. Aliichukua karakanani kwake. Huko aligundua kwamba waya wa umeme ulikuwa umechunika ganda pale unapoingia kwenye sanduku, na shaba ilikuwa inagusa chuma. Akaubadilisha wote.

"Siku nyingine nitaifungua mwenyewe," Bwana Sauti alisema alipokwenda kuichukua.

"Hufungui! Humu ndani mna umeme unaobaki hata baada ya kuchomoa. Plagi, kebo na spika ni zako. Ndani ya sanduku niachie mimi. Na fyuzi ikiungua, weka nyingine ya kipimo kile kile kilichoandikwa. Ikiungua tena, niletee. Usiniwekee msumari wala karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara."

Walirudi nyumbani, wakaunganisha kila kitu uani. Ngurumo haikusikika. Bwana Sauti aliinamisha sikio mpaka kwenye spika. Hakukuwa na kitu. Kumbe dawa ya ng'ombe ilikuwa kuhamisha plagi tu, na yeye kwa hilo alikuwa nusura amwue mama wa watu.

Mkewe akatoka ndani na kitambaa chake cheupe, akakitandika juu.

"Shemeji," Kimya akasema, "jua kali likiwaka, wewe unavaa blanketi?"

"Ni kwa ajili ya vumbi."

"Vumbi lifunike ikiwa imezimwa. Ikiwashwa inatoa joto, na haya matundu ndiyo pua zake. Ukiziba pua, inazima katikati ya hotuba, au inaungua kabisa. Isukume pia mbali na ukuta, ipate hewa."

Mkewe alikivuta kitambaa, naye uso ukamshuka. "Kumbe hata mimi," alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alimtazama mumewe kwa huruma kidogo.

Jambo la ajabu likatokea. Bwana Sauti akaanza kuuliza. "Kwa nini nikiwasha inapiga mshindo?" "Kwa nini taa hii nyekundu inawaka na kuzimika?" Alikuwa kama bomba lililozibuliwa. Na Kimya, ambaye maisha yake yote alikuwa akingoja mtu wa kumwuliza maswali, alijibu kwa mate na mikono.

"Spika unaziunganisha umeme ukiwa umezimwa. Kisha vifungo vyote vya sauti vishushe. Washa miksa kwanza. Amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa, na wakati wa kuzima iwe ya kwanza kuzimwa. Ukigeuza, mshindo utapasua spika. Sauti ipandishe kidogo kidogo. Taa nyekundu ikiwaka na kuzimika, amplifaya inakwambia imechoka. Shusha! Usiseme 'ongeza, watu wanacheza.'"

"Na nikitaka spika nyingi zaidi?"

"Uliza kwanza. Nyuma ya amplifaya wameandika mzigo inaoweza kubeba. Ukirundika spika juu ya spika kwenye tundu moja, unaipa mzigo wa punda wawili. Na hii chukua." Akampa kitestaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, chenye taa. "Taa hii ikiwaka, soketi ina ethi. Isipowaka, usiwashe chombo chochote. Hata akikuamrisha nani."

Wiki ile Bwana Sauti alikuwa na harusi. Alijaribu soketi kwanza. Akalaza nyaya kando ya ukuta, akazibana kwa utepe wa gundi ili mtu asijikwae. Akawasha miksa, kisha amplifaya. Sauti ilitoka safi kama maji. Amplifaya haikupata joto la kutisha. Mshereheshaji alikuwa yule yule wa zamani. Akasema kwenye maiki, "Jamani, ng'ombe amechinjwa!" Watu wakapiga makofi. Wazee walikuja kumshika Bwana Sauti mkono.

Kila mkono ulimchoma. Walikuwa wanamsifu kwa sauti nzuri, na mama aliyeahidiwa sauti nzuri alikuwa nyumbani, darasa ameliacha. Alipofika nyumbani hakushusha hata vyombo. Alikwenda moja kwa moja mtaa wa pili.

Mama mkwe alikuwa barazani, sinia ya maharage mapajani, akichambua. Bwana Sauti alimwamkia, akakaa kwenye kigoda cha chini kabisa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini, baba?"

"Siku ile hukuogopa. Ulipigwa na umeme. Mimi ndiye niliyekata waya wa usalama, kwa sababu nilichekwa. Na niliposema hujazoea maiki, nilijua kwamba nasema uongo."

Mama mkwe alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. Akatoa lingine.

"Siku ile walionicheka walikuwa wangapi?" aliuliza.

"Ukumbi mzima, mama."

"Na hapa tuko wangapi?"

"Wawili."

Mama mkwe akarudi kwenye maharage yake. Mkwe wake hakuhitaji kuambiwa neno lingine.

Darasa la watu wazima lilipofungua kitabu cha pili, wanafunzi na jamaa zao walialikwa katika chumba kikubwa cha shule. Bwana Sauti alimwomba mwalimu nafasi ya kusema machache. Alibeba vyombo vyake vyote. Mkewe alikwenda kumwita mama yake, akamwambia maneno tusiyoyajua, na mama mkwe akaja. Alikaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu ambaye hajaamua kukaa.

Bwana Sauti alichomeka kitestaa kwenye soketi ya mbele. Taa haikuwaka. Akaenda kwenye soketi ya pembeni. Haikuwaka. Fimbo ya ethi ya shule ile, chuma kinachozikwa ili kuushusha umeme ardhini, ilikuwa imekwisha kuoza ardhini zamani. Baadaye Kimya alikuja kuzika nyingine, na aliongea tangu kuchimba mpaka kufukia. Lakini siku hiyo haikuwapo.

"Unganisha tu, bwana, watu wamekwisha kaa," mwalimu alisema kwa upole.

"Washa!" mwingine alisema. "Umebeba vyote hivyo kwa mapambo?"

Bwana Sauti alitazama maiki yake. Alikuwa amepanga maneno yake yote juu ya ile maiki. Alijua atakavyosikika, mzito na mtulivu. Dakika chache tu, nani ataumia? Kisha akaizungushia maiki waya wake, akairudisha sandukuni.

"Siwashi," alisema. "Umeme wa hapa si salama."

Manung'uniko yakaenea chumbani. Bwana Sauti akasimama mbele bila kitu mkononi, na hapo ndipo alipogundua kwamba hakujua mikono huwekwa wapi. Akasema maneno yake. Sauti yake ilitoka nyembamba, ikafia kwenye madawati ya katikati.

"Huku nyuma hatusikii!" watu walisema.

Ikabidi aanze upya. Jamani, kukiri mara moja ni kazi. Kukiri mara mbili, mara ya pili kwa kupiga kelele, ni kazi nyingine kabisa. Alivuta pumzi.

"Siku ya sherehe mlimcheka mama mkwe wangu!" alisema kwa nguvu, mishipa ya shingo imemsimama. "Nilisema ameogopa! Ulikuwa uongo! Alipigwa na umeme kwa sababu nilikata waya wa ethi! Nilijua, nikanyamaza! Angeweza kufa! Mwoga siku ile nilikuwa mimi!"

Hakuna aliyecheka. Yule mcheshi wa herufi aliinamisha kichwa, akawa anakwangua dawati kwa ukucha. Bwana Sauti alibaki amesimama, jasho likimtiririka mgongoni, hajui aondoke au abaki.

Kiti cha nyuma kikalia. Mama mkwe alikuwa amesimama. Alipita katikati ya madawati taratibu, akampita mkwe wake bila kumtazama, akasimama mbele ya ubao. Ubaoni mwalimu alikuwa ameandika maneno ya siku hiyo. Mama mkwe hakuwa amewahi kuyaona. Alinyoosha kidole.

"Ka-ri-bu-ni," alisoma. "Karibuni wanafunzi. Leo tuna... tunaa..." Akakwama. Akarudi nyuma, akalishika neno upya. "Tunaanza. Leo tunaanza kitabu cha pili. Kila mtu awe na kalamu."

Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kawaida ya mama wa nyumbani, na ilifika mpaka mlangoni kwa sababu watu walinyamaza ili ifike. Alisoma tena mstari wa mwisho, peke yake, kama mtu anayehakikisha. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Mimi kalamu sikuja nayo," mama mkwe alisema. "Nani ataniazima?"